Maua ya Kapchorwa yataanzia kwenye chumba cha baridi

Tangu lami ifike Suam, mpakani na Kenya, sikai na watu hapa Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, muda mrefu kabla ya mtu kuleta swali la kulima maua ya kuuza nje. "Mlima tunao, baridi tunayo, maji tunayo, tunangoja nini?" Wanaouliza wana haki ya kuuliza. Ng'ambo ya mlima huu huu, kule Endebess upande wa Kenya, mawaridi yanavunwa na kupelekwa nje. Udongo wao na wetu umetoka kwenye volkano moja. Swali linanijia mimi kwa sababu wanajua maua ndiyo yaliyonilisha miaka mingi upande ule. Nilianzia meza ya kugredi, yaani kupanga maua kwa urefu na ubora, nikaishia kusimamia chumba cha kufungia mizigo.

Nitoe msimamo wangu mapema ili asiyekuwa na muda asome hapa aende zake. Tunaweza kuuza maua nje, na natamani sana tufanye hivyo. Lakini atakayeanza kwa kujenga grinihausi, yaani banda la plastiki, na kununua miche ya waridi atapoteza pesa zake. Kwetu sisi kazi inaanza na chumba cha baridi, lori la friji na njia ya uhakika ya kufika kwenye ndege. Hayo yakikaa sawa, ua la kupanda halikosekani.

Tuanze na kile tulichojaliwa. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na uwanja wa Entebbe uko juu yake kidogo tu. Sisi mjini Kapchorwa tumepita mita 1,800. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa nyuzi 6 hivi, na hapo ndipo siri ya waridi ilipo. Mchana mmea unatengeneza sukari kwa jua, usiku unaichoma ili uishi. Usiku ukiwa wa joto, sukari nyingi inateketea. Usiku ukiwa wa baridi inabaki, nayo huenda kwenye shina na kwenye tumba. Waridi la mlimani linachelewa kukomaa lakini linakuja na shina refu, kichwa kikubwa na rangi iliyoiva. Tena sisi tuko jirani na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima mchana wetu ni saa 12 hivi. Mholanzi ananunua joto na mwanga wa kumvusha kipindi cha baridi, sisi hatununui.

Mashamba mengi ya maua ya Uganda yako Wakiso na Mpigi, karibu na ziwa, na biashara hii ya kuuza nje ilianza miaka ya mwanzo ya 1990. Kule chini waridi linakimbia kukua, kichwa kinabaki kidogo, kwa hiyo wakulima walielekea kwenye waridi la kichwa kidogo ambalo sokoni linaitwa switihati. Wengine waliona afadhali kuuza vipandikizi, hasa vya krisanthemamu, yaani vichipukizi visivyo na mizizi ambavyo Ulaya wanavipanda na kuviotesha wenyewe. Joto lisilobadilika la ziwani linafaa sana kwa kazi hiyo. Krisanthemamu ukiiacha kwenye usiku wa saa 12 inatoa maua, na kipandikizi chenye tumba hakiuziki. Basi usiku wanawasha taa juu ya matuta ili mmea usijue kwamba usiku ni mrefu. Ukipita karibu na mashamba hayo gizani utaona mabanda yanang'aa. Kampuni moja kule Wakiso inaitwa Wagagai, jina la kilele cha mlima wetu chenye mita 4,321. Jina la mlima limeshafika kwenye biashara ya maua, bado mlima wenyewe.

Nchi za milima zilizofanikiwa zinajulikana. Mawaridi ya Cayambe nchini Ecuador yanakuzwa kwenye mita 2,800 hivi, karibu kabisa na ikweta, na vichwa vyake ni vikubwa hata aliyezoea ya Naivasha anashangaa. Naivasha penyewe ni mita 1,900 hivi. Holeta ya Ethiopia iko juu zaidi, nayo ilianza kwa nguvu miaka ya 2000, ikapanda haraka hadi nchi hiyo ikawa ya pili Afrika baada ya Kenya.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kolombia. Mwaka 1967 mwanafunzi wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, David Cheever, aliandika karatasi akitafuta mahali ambapo maua ya kuuzwa Marekani yangeweza kukuzwa vizuri. Jibu lake lilikuwa nyanda za juu za Bogotá, mita 2,600 hivi. Mwaka 1969 yeye na wenzake watatu wakaanzisha kampuni ya Floramérica, wakapanda mikarafuu ya maua ya kukata. Watu wakisimulia habari hiyo hutaja hali ya hewa na ardhi. Mimi nasisitiza jambo lingine: shamba lao lilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Bogotá. Naivasha nayo ina barabara nzuri hadi Nairobi, ambako ndege kubwa zinaondoka kila siku. Holeta iko kando ya Addis Ababa. Mashamba ya Wakiso yanaona ndege za Entebbe zikipita juu yao. Sijui eneo hata moja lililokua kwa maua bila kuwa na uwanja wa ndege kwa karibu.

Sisi tuko zaidi ya kilomita 300 kutoka Entebbe, na njia inapita Mbale, Iganga, Jinja, kisha foleni ya Kampala. Aliyewahi kukwama Mukono jioni anaelewa ninachosema.

Niwaeleze kinachotokea ndani ya boksi. Ua lililokatwa bado linaishi. Linapumua, linachoma sukari yake ya mwisho, na halina mzizi wa kuleta nyingine. Likiwa kwenye nyuzi 20 linapumua mara nyingi zaidi kuliko likiwa kwenye nyuzi 2. Ndiyo maana shambani mvunaji anatembea na ndoo yenye maji na dawa ya kuua bakteria, shina linaingia majini papo hapo, na ndoo haikai juani. Kutoka hapo linaingia chumba cha baridi, linashuka hadi nyuzi 2 au 4, ndipo linagrediwa. Meza ya kugredi ina kipimo cha sentimita. Mkono mmoja unashika shina, mwingine unavua majani na miiba ya chini. Jicho linapima urefu, linatazama kichwa kama kimefunguka kiasi kinachotakiwa, linakagua majani ya juu kama yana unga mweupe wa ubwiri, na shina kama limepinda shingoni. Ishirini yanapangwa vichwa vikiwa sawa, yanazungushiwa kadibodi, yanakatwa miguu kwa mstari mmoja, yanavishwa mfuko, yanarudi kwenye ndoo na kwenye baridi. Haya yote kwa dakika chache, saa nzima, kutwa nzima. Mikono ya wanawake wengi niliofanya nao kazi ilikuwa inatambua shina la sentimita 50 bila kipimo.

Sasa chukua boksi lililotoka kwenye nyuzi 2 uliweke kwenye hewa ya joto. Unajua glasi ya maji baridi inavyotoka jasho? Ua nalo linatoka jasho hilo, ndani ya boksi, kwenye petali, mahali ambapo upepo haufiki. Siku moja lori la shamba nililokuwa nafanyia kazi liliharibikiwa mtambo wa friji njiani, na dereva akaamua kuendelea hivyo hivyo. Nilipofungua boksi la juu, mfuko wa nailoni ulikuwa umejaa matone kwa ndani. Nikachomoa kifungu kimoja cha mawaridi meupe. Kwa mbali yalikuwa mazuri. Nikayaleta karibu na dirisha, nikaona kwenye petali za nje vidoa vya kahawia, vidogo kuliko kichwa cha pini. Hiyo ni botraitisi, kuvu ya kijivu, imeamka. Vidoa hivyo usiku mmoja ni vidoa, lakini mpaka vikifika Uholanzi kichwa kizima kimeoza na kuanguka. Mzigo ule haukupanda ndege. Kazi ya wiki kadhaa, maji, mbolea, dawa na mshahara viliishia kwenye shimo la mbolea ya takataka kwa sababu ya mtambo mmoja na saa chache za joto.

Ndiyo maana nikisikia mtu anazungumzia grinihausi, mimi namuuliza kuhusu lori.

Soko lenyewe halina huruma na ua lililochoka. Kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, bei haipandi kama minada yetu ya ng'ombe. Saa inaanza juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayechukua. Wanunuzi wanaangalia ubora wa mkulima kwa wiki na miezi, na mkulima aliyeleta botraitisi mara mbili wanaachia saa ishuke. Siku hizi maua mengi yanauzwa moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Ulaya bila kupitia saa hiyo, kwa mkataba, na huko adhabu ya ua bovu ni mkataba kuvunjwa.

Na kuna majira. Februari 14, Machi 8, siku za akina mama za Ulaya. Mkulima anakata vichwa vya mimea yake akihesabu kurudi nyuma, kwa sababu kutoka kukata hadi ua jipya kuvunwa ni kati ya wiki sita na tisa, kutegemea aina na baridi ya mahali. Mlimani ni zaidi kuliko ziwani. Ukikosea hesabu kwa wiki moja, Valentino imepita na maua yako ndiyo yanafunguka.

Hata ukihesabu vizuri, dunia inaweza kukufungia mlango. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland ilitapika majivu, ndege za Ulaya zikasimama siku kadhaa, na maua ya Kenya yakatupwa. Machi 2020 korona ilipofunga maduka ya Ulaya, mnada wenyewe uliharibu maua kwa sababu hayakuwa na mnunuzi, na mashambani huku watu wakarudishwa nyumbani. Sisemi haya kuwatisha. Nasema ili anayetaka kukopa benki kwa dhamana ya shamba la babake ajue kwamba hii si kahawa. Kahawa ya Bugisu na Sebei ikikauka vizuri inaweza kusubiri bei ghalani. Ua halisubiri.

Basi tufanyeje na umbali wetu? Tuitazame Eldoret, ng'ambo kule Kenya. Barabara ya Kapchorwa hadi Suam ni kilomita 73. Ukivuka mpaka unaingia Kitale, kisha Eldoret, na safari yote ni kilomita 200 hivi bila foleni ya Kampala hata moja. Eldoret ina uwanja wa kimataifa tangu miaka ya 1990, na ndege za mizigo zinashusha bidhaa pale. Ndege iliyoshusha mzigo inahitaji mzigo wa kurudi nao. Ikiwa haiendi inakotakiwa, Nairobi iko mbele, kilomita 300 hivi, na njia ya maua kutoka Eldoret hadi Nairobi ilishazoeleka na wakulima wa kule. Tatizo la njia hii ni karatasi. Kila mzigo unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wakaguzi wa Wizara ya Kilimo yetu, na mkaguzi awe hapa mlimani, maana mzigo hauwezi kwenda Entebbe kukaguliwa kisha urudi Suam. Halafu mpakani boksi lisifunguliwe juani na kukaa saa nzima likisubiri muhuri. Anayetaka kutusaidia, iwe wilaya au mbunge, hapo ndipo pa kuanzia: mkaguzi mmoja mwenye ofisi Kapchorwa au Bukwo, wilaya ya mpakani, na makubaliano ya mpakani kwamba lori la friji lililofungwa kwa lakiri linapita. Kwa ushuru Uganda iko vizuri, kwa kuwa kama nchi yenye maendeleo madogo bidhaa zetu zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru. Faida hiyo tunaiacha tu mezani.

Wakaguzi hawa si wa kupuuzwa. Kuna nondo anayetaga mayai kwenye pilipili, machungwa, na pia kwenye waridi. Kiwavi wake anaingia kwenye tumba na humwoni kwa nje. Pilipili za Uganda zimewahi kuzuiwa Ulaya kwa ajili yake mara nyingi. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukakaza masharti kwa mawaridi pia: mkulima aonyeshe mitego, kumbukumbu na ukaguzi tangu shambani. Bustani zetu hapa zina pilipili na machungwa kila nyumba. Shamba la waridi katikati ya bustani hizo litahitaji majirani wote wawe upande wake.

Mlima nao una masharti yake. Wanaosema "baridi tunayo" wanasahau ukungu. Mchana wa masika wingu linashuka Kapchorwa hadi huoni mti wa jirani, majani yanabaki na maji hadi kesho yake. Hiyo ndiyo hali ambayo ubwiri vinyoya unaipenda, na ugonjwa huo unaweza kuvua majani ya waridi kwa siku chache. Dawa peke yake haitoshi. Unahitaji banda linalopumua vizuri, pengine na joto la kukausha hewa alfajiri, na hayo ni gharama. Ndiyo sababu nadhani sehemu za wilaya jirani za Kween na Bukwo zenye mvua pungufu zinaweza kufaa zaidi kuliko sisi wa Kapchorwa, ingawa najua majirani zangu hawapendi kusikia hivyo.

Kisha mteremko. Fanya hesabu hii pamoja nami. Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni lita 10,000. Mvua moja kali ya milimita 50 juu ya hekta ya plastiki ni lita 500,000, na hakuna tone linaloingia ardhini pale ilipoangukia. Zote zinatiririka ukingoni kwa mara moja. Huu ni mlima ambao Machi 2010 ulifunika vijiji vya Bududa kwa tope, na kila masika tunalala tukisikiliza. Mtu akija na mpango wa hekta 20 za plastiki juu ya kijiji, swali la kwanza liwe maji yale yanakwenda wapi. Yakikusanywa kwenye bwawa lililotandikwa vizuri ni mali, kwa kuwa hekta ya waridi inakunywa lita 40,000 hadi 60,000 kwa siku ya jua, na mvua ile moja inatosha siku kumi hivi. Yakiachwa yashuke, ni msiba wa walio chini.

Halafu ardhi. Hapa hatuna maeneo makubwa yaliyo wazi. Tuna ndugu zetu Wabenet, wenyeji wa juu mlimani, ambao tangu hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon itangazwe mwaka 1993 wamekuwa wakihamishwa na kuahidiwa, na mwaka 2005 Mahakama Kuu kule Mbale ikatambua haki yao bila wote kuona ardhi yenyewe. Sitaki kuona maua yakiwa sababu nyingine ya kumhamisha mtu. Kwa hiyo shamba kubwa la mwekezaji mmoja kwangu si njia ya mlima huu.

Njia ninayoiamini ni ya wakulima wadogo na maua ya uwanjani, yasiyohitaji grinihausi. Kinangop na Limuru, Kenya, watu wenye robo ekari wanalima maua yanayoitwa arabikamu, mobidiki, erinjiamu na kathamasi, mnunuzi anakusanya, anagredi na kusafirisha. Si mawaridi, na bei ya shina moja si kubwa, lakini mtu anaanza na mtaji wa kununua mbegu, siyo wa kununua chuma na plastiki.

Mimi nina arabikamu nyuma ya nyumba. Inaota kutoka kwenye kitunguu, kwa hiyo nimeipandisha kwenye matuta ya juu maana kitunguu kikikaa kwenye maji kinaoza. Shina linatoka bila jani, linafika kiunoni, wakati mwingine kifuani, na juu yake kuna kichwa cha vijiua vyeupe, kila kimoja na kitovu cheusi chenye ukijani kinachong'aa. Unakata vikiwa vimefunguka vile vichache vya chini tu, vingine vinaendelea kufunguka kwenye chombo hata zaidi ya wiki mbili. Uvumilivu huo ndio ninaoutaka kwa mtu wa Kapchorwa. Waridi likichelewa njiani kwa muda wa saa kumi umeumia, arabikamu inakusamehe kidogo. Mobidiki yenyewe ni mmea wa Afrika, unatoa maganda ya kijani yaliyojaa hewa na yenye vinywele, unaota kwa mbegu na hausumbui. Tahadhari yake ni utomvu mweupe unaotoka ukikata. Ukiingia jichoni unaumiza vibaya, kwa hiyo glavu na miwani, na watoto wasiachiwe kazi hiyo.

Ninayovuna kwa sasa nayauza Mbale kwa wapambaji wa harusi, na hoteli za Sipi zinachukua kidogo. Soko hilo la nyumbani watu hulidharau, lakini ndilo litakalopokea gredi ya pili siku tukianza kuuza nje. Shamba lisilo na pa kupeleka gredi ya pili linatupa sehemu kubwa ya jasho lake.

Sasa rudi kwenye chumba cha baridi. Watu wa miradi wamewahi kutuonyesha vile vibanda vya mkaa vinavyomwagiwa maji, vinapoza kwa upepo. Ni vizuri mahali pakavu. Hapa hewa ikiwa imejaa maji kibanda hicho hakipozi kitu, na masika ndiyo msimu wetu mrefu. Tunahitaji chumba kilichojengwa kwa paneli za kuzuia joto, na mtambo unaoshusha hadi nyuzi 4, umeme wa akiba wa jua au jenereta, kando ya lami, mahali ambapo mtu wa Kween anafika na bodaboda asubuhi akiwa na ndoo mbili. Chumba hicho hakitakaa bure siku isiyo na maua. Karoti, kabichi, njegere na viazi mbegu vitaingia. Vyama vyetu vya kahawa vinajua kukusanya kwa wengi, kupima, kuandika jina na kulipa. Kazi ni ileile, isipokuwa hapa mzigo unahesabiwa kwa shina na kwa saa.

Jambo la mwisho ni la akina mama, na hapa siongei kwa upole. Wafanyakazi wengi wa maua ni wanawake. Nimeona mtu akirudishwa kuvuna kwenye banda ambalo bendera nyekundu ya dawa bado inaning'inia mlangoni. Nimeona mikono iliyobabuka kwa sababu glavu zimechelewa kununuliwa. Kima cha chini cha mshahara katika sheria yetu ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, pesa isiyomfikisha mtu popote leo. Maana yake sheria haitawalinda dada zetu, itabidi tuandike wenyewe kabla ya kuajiri: mshahara, muda wa kukaa nje baada ya dawa kupigwa, glavu, usafiri wa alfajiri, na likizo ya uzazi. Kipo chama cha wafanyakazi wa mashamba haya, UHISPAWU, kinajua mikataba hiyo. Kiitwe mapema. Na wapiga dawa wafundishwe kutumia utitiri wanaokula utitiri wekundu, njia ambayo mashamba mengi ya Kenya yameizoea na imepunguza dawa sana.

Hivi sasa ninaandika joto la usiku na la mchana hapa kwangu, kwa kipimajoto kinachoonyesha cha juu na cha chini, pamoja na siku ambazo wingu lilishuka. Nawaomba walioko Bukwo, Kween, Benet na hata Buwalasi wafanye vivyo hivyo kwa mwaka mzima. Kipimajoto cha namna hiyo kinapatikana Mbale kwenye maduka ya pembejeo. Andika tarehe, nyuzi za usiku, nyuzi za mchana, mvua kama una mkebe wa kupimia, na saa wingu lilipoondoka. Nitumieni kila mwisho wa mwezi, nitaziweka hapa kwa majina ya vijiji. Mnunuzi wa Kitale niliyeongea naye kuhusu arabikamu alitaka kujua mambo mawili tu: usiku wenu una nyuzi ngapi, na chumba cha baridi kiko wapi. La kwanza tunaweza kuanza kulijibu usiku wa leo. La pili nitalipeleka kwenye mkutano wa chama cha kahawa, nikiwa na makadirio ya gharama za paneli na mtambo, na nitafurahi mkija wengi.